Maji, mchanga, udongo, mbegu au siki: ulinganisho wa michezo ya sayansi kwa watoto wa chekechea Nairobi

Mzazi wa mtaa wa Pipeline anayeishi ghorofa ya tano, ambaye maji ya mfereji humfikia siku mbili kwa wiki, na mwalimu wa Kangemi mwenye watoto 32 na ua wa udongo mwekundu, huniuliza swali lile lile: katika michezo hii yote ya kushika, kumwaga, kunusa na kujaribu, tuanze na upi? Jibu haliwezi kuwa moja kwa wote wawili. Nimefundisha watoto wa PP1 na PP2, madarasa mawili ya shule ya awali, yaani wa miaka 4 na 5, kwa muda wa kutosha kujua kwamba mchezo unaowafaa watoto wa Kangemi unaweza kumgombanisha mzazi wa Pipeline na jirani wa chini ambaye dari lake limeanza kudondosha maji. Kwa hiyo nitaiweka michezo yenyewe ubavu kwa ubavu, miwili miwili, na nitasema waziwazi pale ninapopendelea mmoja.

Ninapolinganisha hupima mambo matatu. La kwanza ni mkono wa nani unaofanya kazi, wa mtoto au wa mwalimu. La pili ni kama mtoto anaweza kurudia jaribio mara nyingi huku akibadilisha kitu kimoja na kuona tofauti. La tatu ni gharama, na kwa neno hilo sikusudii shilingi pekee, bali pia maji, usafi, hatari na uvumilivu wa mtu mzima aliye karibu. Jambo la kwanza lina uzito kuliko mengine. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote Januari 2019 kuanzia shule ya awali hadi gredi ya tatu, unazo shughuli za mazingira ambamo mtoto anatarajiwa kuchunguza kwa milango yake ya fahamu, lakini bado wapo wazazi wanaopima mwezi mzima wa shule kwa kurasa zilizojaa daftarini, na mwalimu anayewaogopa hao huishia kuonyesha jaribio mbele ya darasa huku watoto wamekunja mikono.

Maji dhidi ya mchanga

Nikilazimishwa kuchagua kitu kimoja tu, nitachukua maji. Karai moja, lita 5 za maji, mikebe miwili, chupa iliyotobolewa matundu ubavuni, sifongo na kijiko vinatosha kuwashughulisha watoto wanne kwa muda mrefu kuliko mchezo mwingine wowote ninaoujua. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba maji huonyesha jinsi mtoto anavyofikiri. Mpe mtoto wa miaka 4 kikombe cha maji akimimine kwenye glasi nyembamba na ndefu, kisha kikombe kingine kilicho sawa na hicho akimimine kwenye bakuli pana, nawe umuulize maji mengi yako wapi. Atakuonyesha glasi bila kusita, kwa sababu maji yake yamefika juu. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilichunguza sana jambo hili, na akaeleza kwamba watoto wengi hawaachi kufikiri hivyo mpaka wakaribie umri wa miaka 7. Mtu mzima hushawishika kumsahihisha mtoto papo hapo. Nashauri asimsahihishe, bali amrudishie kikombe na kumwacha amimine tena, kwa kuwa maneno yetu hayataweza kumthibitishia kile ambacho macho yake yanakikana.

Jaribio la pili la maji ni la chungwa. Chungwa zima huelea. Likimenywa, ingawa sasa ni jepesi kuliko lilivyokuwa, huzama, kwa sababu ganda lina vishimo vingi vidogo vilivyojaa hewa. Mwaka jana mtoto mmoja aliyeona hivyo alikusanya maganda, akajaribu kumvisha chungwa upya kama koti, na alipoona halishiki akaenda kuomba uzi. Sikumwambia neno. Alilifunga, likaelea kwa kuinama upande, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Udhaifu wa maji hapa Nairobi unajulikana. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na mitaa mingi huyapata kwa mgao, hivyo familia inayonunua maji kwa mtungi wa lita 20 ina haki ya kuuliza kwa nini robo ya mtungi imwagwe kwa mchezo. Jibu langu ni kwamba hayamwagwi: yakishachezewa hupiga deki au huenda chooni, mradi hayakutiwa kitu kingine zaidi ya sabuni kidogo. Hatari ya maji ni jambo zito zaidi. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika ndoo yenye maji ya sentimita chache tu, bila kelele, kwa hiyo kina kwenye karai kisizidi upana wa kiganja, mtu mzima asiondoke hata kupokea simu, na karai limwagwe mara mchezo unapoisha. Mwezi wa Julai, asubuhi za jiji hili zinapokuwa na baridi, ongeza maji ya moto kidogo kabla mtoto hajafika, la sivyo mchezo utaisha kwa mikono iliyokufa ganzi.

Mchanga, kwa upande wake, hauhitaji mfereji wala mgao. Ukiwa mkavu humiminika kama maji, ukilowa kidogo husimama kama mnara, ukizidishiwa maji mnara huporomoka. Na mtoto anayepita hatua hizo tatu kwa mikono yake ameliona jambo ambalo wahandisi hulisomea. Maji machache kati ya punje na punje huzivuta zishikane, na yakizidi, punje huelea na kuachana. Mchanga pia una siri ambayo watoto hawaisahau: chukua sumaku pana ya spika mbovu kutoka kwa fundi wa redio, ifunge kwenye karatasi, ipitishe juu ya mchanga mkavu, na mara nyingi itatoka na ndevu za punje nyeusi zenye chuma. Sumaku ndogo ndogo zisitumike kabisa, kwa kuwa mtoto akimeza mbili huvutana ndani ya utumbo na kuutoboa.

Mchanga wa ujenzi uliorundikwa kando ya barabara haufai jinsi ulivyo. Unapaswa kupitishwa kwenye chekeche (neno ambalo watoto wa chekechea hulifurahia kwa sababu zilizo wazi), kuoshwa mpaka maji yake yawe safi, kisha kuanikwa juani. Ukae na unyevu kidogo ili vumbi lisiingie machoni na mapafuni, na ufunikwe kwa turubai kila jioni, maana paka wa mtaa huuona kuwa ni choo kilichoandaliwa kwa heshima yao, na kinyesi chao huleta minyoo.

Palipo na ua na watoto wengi, mchanga huyashinda maji, kwa kuwa watoto kumi huweza kuugawana saa nzima bila kuongezewa chochote. Ndani ya nyumba usiuingize. Utaziba sinki, nawe utakuwa ukiukanyaga hadi Krismasi.

Udongo dhidi ya unga

Vitabu na video nyingi za michezo ya hisi hupendekeza kinyunga cha kuchezea: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji na kijiko cha mafuta. Ni mchezo mzuri. Kinyunga ni laini kwa vidole visivyo na nguvu, hakichafui sana, na huweza kutiwa rangi kwa maji ya kiazisukari au kwa bizari ya manjano. Kwa nyumba ya ghorofani ni vigumu kupata kinachokishinda. Chumvi hiyo nyingi, hata hivyo, si ya kumezwa, na unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu, kwa hiyo mtoto ambaye bado anapeleka kila kitu mdomoni hakimfai.

Hata hivyo niliuacha unga darasani. Mwaka 2022, pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipopita shilingi 200, bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake alisimama mlangoni akatazama meza yetu iliyojaa kinyunga, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, kwetu chakula hakichezewi." Nilianza kumweleza kwamba ule ni wa ngano na kwamba ni kidogo tu, nikajisikia mjinga kabla sijamaliza. "Nimesikia, shosho," nikamwambia. Wiki iliyofuata tulikuwa na udongo.

Udongo wa mfinyanzi haununuliwi kila wiki. Ukikauka hulowekwa, ukafinyangwa tena, na ukifunikwa kwa kitambaa kibichi ndani ya debe hukaa muhula mzima. Ni mgumu kuliko kinyunga, jambo ambalo kwa mtoto anayekaribia kuandika ni faida, kwa kuwa humjengea nguvu za vidole. Lakini sababu yangu kuu ya kuupendelea ni kwamba Nairobi imekaa juu ya aina mbili za udongo ambazo hata mtoto anaweza kuzitofautisha. Upande wa magharibi na kaskazini, kuelekea Kikuyu na Limuru, udongo ni mwekundu, hupitisha maji vizuri na huacha kwenye soksi alama isiyotoka. Upande wa Embakasi na tambarare za Athi ni ule mweusi ambao hufura ukinyeshewa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Omba jamaa wa upande wa pili akuletee mfuko mmoja. Watoto wafinyange tufe moja la kila aina, wayaweke dirishani, na wayatazame kwa siku tatu. Tufe jeusi husinyaa na kupasuka zaidi. Kisha tia kila udongo kwenye chupa safi yenye maji, funga kizibo, mtoto atikise kwa nguvu zake zote, halafu iachwe itulie hadi kesho: chembe nzito zitakuwa zimetangulia chini na laini zimebaki juu, kwa tabaka zinazoonekana.

Mahali pa kuchota udongo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Usichote kando ya barabara kubwa, karibu na gereji au mahali panapovunjwa betri za magari, kwa sababu udongo wa hapo unaweza kuwa na risasi, madini ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Usichote penye maji taka wala mbwa. Chota shambani, uuanike juani vizuri, na mikono ioshwe kwa sabuni mara tu mchezo unapokwisha.

Mbegu dhidi ya nafaka kavu

Trei ya maharagwe makavu, mahindi au mchele, ya kuchota na kumimina kwa vijiko, ni rahisi na safi, na wazazi huipenda kwa sababu haimlowanishi mtu. Gorogoro la nafaka, ule mkebe wa kupimia wa sokoni, na vikombe vya ukubwa mbalimbali humfundisha mtoto kupima kuliko picha yoyote ya kitabuni. Bado naiweka nyuma ya mbegu zinazooteshwa, na sababu moja ni ya kibinafsi. Niliwahi kuweka trei ya ndengu mbele ya mtoto wa miaka 3, nikageuka kumfunga mwenzake kamba za viatu, na nilipomtazama tena ndengu moja ilikuwa imeingia puani. Nilitaka kuitoa kwa kidole. Heri sikufanya hivyo, kwa maana kusukuma huizidisha ndani, nayo punje kavu hufura kwa unyevu wa pua kadiri inavyokawia. Mhudumu wa zahanati aliitoa kwa dakika chache, lakini maneno aliyoniambia mama wa mtoto jioni ile yalikuwa ya haki yote. Tangu hapo nafaka ndogo huzitoa kwa watoto waliotimiza miaka 4 tu, wanne kwa wakati, nami nikiwa nimekaa hapo hapo.

Nafaka yenye ukungu isitumike hata kwa mchezo. Sumukuvu, ile aflatoksini iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao huko Makueni na Kitui, hutokana na ukungu wa aina hiyo, na mtoto anayechezea hulamba vidole.

Kuotesha mbegu ni mchezo wa polepole, na hapo ndipo penye thamani yake. Pamba iliyolowa, glasi inayopenyeza mwanga na punje za maharagwe zilizowekwa kati ya pamba na ukuta wa glasi, ili mzizi uonekane, ndivyo vifaa vyote. Ndengu huchipua haraka, mara nyingi kufikia siku ya pili, kwa hiyo zinamfaa mtoto asiye na subira. Maharagwe huchelewa zaidi, hasa wakati wa baridi, lakini mzizi wake ni mnene na huonekana vizuri. Mwache mtoto aweke punje moja kichwa chini na nyingine ubavu, nyingine aifiche kabatini, nyingine ainyime maji. Mzizi utageuka uelekee chini hata awekeje, na chipukizi la kabatini litakuwa refu, jembamba na la manjano. Nunua maharagwe ya kupika kutoka kwa mama wa soko, si mbegu za kupanda za duka la pembejeo, kwa kuwa hizo aghalabu hupakwa dawa, na rangi ya waridi iliyo juu yake ndiyo onyo lenyewe. Hata ya kupika yasiliwe mabichi, kwani maharagwe mekundu yasiyochemshwa huleta kutapika.

Siki na poda dhidi ya manjano na sabuni

Hapa najua nitawaudhi wenzangu. Volkano ya siki, ambapo siki humwagwa juu ya poda ya bikaboneti ile inayotiwa kwenye mandazi, na povu likafoka nje ya chupa, ndiyo jaribio linalopigwa picha kuliko yote siku ya wazazi. Povu hilo hutokana na kaboni dioksidi, hewa ile ile inayotoa mapovu kwenye soda. Ni kweli kwamba watoto hupiga kelele za furaha. Lakini tazama mikono: ni ya mwalimu. Jaribio huisha kwa sekunde kumi, kila marudio hula poda mpya, na ukimuuliza mtoto wa miaka 4 alichoona atakuambia "ililipuka". Likifanywa, nashauri kila mtoto apewe kijiko cha poda kwenye kifuniko chake na siki kidogo ya kudondosha kwa mrija, tone kwa tone, hapo angalau atagundua kwamba tone moja hutoa povu dogo na matone matano hutoa kubwa. Magadi ya kuchemshia maharagwe yasitumike badala ya bikaboneti, kwa maana ni makali zaidi kwa ngozi na macho.

Mshindani wake hana sifa wala kelele. Yeyote aliyewahi kufua kitambaa kilichodondokewa na mchuzi wa manjano anajua kwamba doa hugeuka jekundu mara linapoguswa na sabuni ya kipande. Koroga kijiko cha manjano ya unga na maji kidogo, paka kwenye karatasi nyeupe, iache ikauke. Mpe mtoto karatasi hiyo, kipande cha sabuni kilicholowa, na nusu ya ndimu. Akichora kwa sabuni, mstari mwekundu hutokea. Akiudondoshea ndimu, wekundu hufutika na manjano hurudi. Akirudia sabuni, wekundu hurudi. Nimemwona mtoto akifanya hivyo mara kumi na moja bila kuinua kichwa, kisha akasimama kwenda kujaribu majivu, maziwa, mate yake mwenyewe na mwishowe kola ya shati langu. Majivu yaliyoloweshwa hugeuza rangi kama sabuni, maziwa hayageuzi. Kwa watoto 32 na bajeti ya shilingi mia moja na kitu, sijaona kinachoikaribia, ila sare za shule zifunikwe kwa fulana kuukuu kwa sababu manjano hayana huruma na nguo nyeupe.

Kitu kimoja katika jamii hii ya maajabu ningekiruhusu kila nyumba: ute wa wanga wa mahindi, yaani vikombe viwili vya ule wanga mweupe laini wa kuzidishia mchuzi uzito na kimoja cha maji. Ukiupiga ngumi huwa mgumu, ukiuacha kiganjani humwagika. Unga wa ugali haufanyi hivyo, usijisumbue. Baada ya mchezo uache ukauke, uukwangue uutupe kwenye takataka, kwa sababu ukiumwaga kwenye sinki utaita fundi wa mabomba.

Vifaa vya dukani

Seti za sayansi na za Montessori zinazouzwa kwenye maduka makubwa ni nzuri kwa macho. Nyingi ya kazi zake za kumimina na kupanga, ambazo Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alizitumia kwa watoto wa familia za vibarua katika shule aliyoifungua Roma mwaka 1907, hufanyika kwa sufuria, vifuniko na vikombe vya jikoni. Ningenunua kitu kimoja tu, lenzi ya kukuzia, na hata hiyo iwe ya plastiki.

Mzazi wa Pipeline

Kwa hiyo mzazi wa ghorofani mwenye mtoto mmoja wa miaka 4 aanze na karai la maji sakafuni, juu ya shuka kuukuu, siku ya mgao, kisha karatasi za manjano siku ambazo mfereji umekauka. Mwalimu mwenye ua achimbe kona ya mchanga kwanza, aongeze udongo wa aina mbili, na siki aiache kwa siku ya wazazi kama ni lazima. Mwenye mtoto aliye chini ya miaka 4 abaki na maji na tope, asiweke punje yoyote karibu. Ndengu za kwenye glasi zinamfaa kila mmoja aliyebaki, na maji ya karai, kama hayakutiwa sabuni, yatatosha kuzinywesha wiki nzima.